Kuanza Kupiga Picha za Mkanda kwa Pesa Kidogo, na Kuzisafisha kwa Kahawa

Wengi wanaoniuliza namna ya kuanza kupiga picha za mkanda huanza na kamera: ninunue ipi? Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Kamera utainunua mara moja. Mkanda utaununua kila mara, na kila mkanda lazima usafishwe. Huko ndiko pesa inakokwenda, na huko ndiko watu wanakokatia tamaa, kamera ikabaki kabatini inakula vumbi. Kwa hiyo nimeupanga mwongozo huu kwa kufuata mfuko: kamera ya bei ndogo, mkanda wa nyeusi na nyeupe, na kusafisha mwenyewe nyumbani kwa kahawa ya unga, soda na vitamini C. Naandika nikiwa Dar es Salaam, mji wa joto na unyevu. Aliye Nairobi au Bujumbura atakuwa na kazi nyepesi kidogo pale nitakapozungumzia barafu.

Picha ninazozipenda ni zile wanazoziita lo-fai: chengachenga zinaonekana, pembe zimefifia kwa giza, pengine mstari wa mwanga umepenya mahali usipotarajiwa. Kamera za namna hii zina historia yake. Holga ilitengenezwa Hong Kong mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwili wa plastiki na lenzi ya plastiki, ili mtu wa kawaida aimudu. Nyuma zaidi, mwaka 1900, Kodak waliuza kamera ya Brownie kwa dola moja ya Marekani. Kamera rahisi ya mtu wa kawaida si jambo jipya, wala haikuhitaji samahani ya mtu.

Hatua ya kwanza: kamera

Anza kuuliza nyumbani. Shangazi aliyekuwa akipiga picha kwenye ubatizo na maulidi miaka ya 1990 huenda bado ana kamera yake kwenye sanduku la vyombo. Ukikosa, pita kwenye meza za mitumba ya vifaa vya umeme. Unachotafuta ni kamera ndogo ya plastiki ya mkanda wa milimita 35, isiyohitaji kurekebishwa umbali: Kodak KB10, Yashica MF-2 na ndugu zake. Unaelekeza, unabonyeza. Mtu akisimama hatua mbili au tatu kutoka kwako atatoka vizuri, na kila kilicho nyuma yake pia.

Ukipata Olympus Trip 35 usiiache. Ilitengenezwa kuanzia 1967 hadi 1984, na haitumii betri hata moja. Inapima mwanga kwa kioo cha seleni kinachozunguka lenzi. Kuijaribu ni rahisi. Ivute mkanda, ziba lenzi na kile kioo kwa kiganja, kisha bonyeza. Kama ni nzima, kibendera chekundu kitachomoza kwenye dirisha la kutazamia na kamera itakataa kupiga. Kama haikatai, kipimo chake kimekufa. Mpe muuzaji bei ya kamera iliyokufa.

Na kama una ndugu nje anayeweza kukuletea kamera mpya, mwagize Kodak Ektar H35. Hiyo inagawa kila fremu, yaani nafasi ya picha moja kwenye mkanda, mara mbili, hivyo mkanda wa picha 36 unakupa 72. Kwa mtu anayehesabu shilingi, hakuna kamera mpya ninayoipendekeza zaidi ya hiyo.

Kabla ya kulipa, fungua mgongo wa kamera na ukague haya. Sehemu ya betri: ukiona unga wa kijani au mweupe, ni betri zilizovuja; kidogo kinasafishika kwa pamba yenye siki, kingi kinakuwa kimekwisha kula waya. Lenzi: imulike kwa tochi ya simu. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu, na huku pwani ni ugonjwa wa kawaida. Ukungu kidogo pembeni hauharibu picha, uliofunika katikati unaharibu. Shata, yaani kile kifuniko kinachofunguka na kujifunga kupitisha mwanga: elekeza kamera kwenye mwanga, mgongo ukiwa wazi, na bonyeza; lazima uone mwanga ukipenya mara moja. Kamera nyingi za plastiki hazifyatuki bila mkanda, kwa hiyo zungusha kwa kidole kile kigurudumu chenye meno mpaka kigote, ndipo ubonyeze. Mwisho, sponji nyeusi kwenye kingo za mlango. Ikiwa imegeuka kuwa kama lami, ikwangue na kijiti, kisha tandika uzi mweusi wa sufi kwenye mfereji ule. Inafanya kazi.

Onyo moja: kamera za kutumia mara moja zenye flashi usizifungue kwa bisibisi. Ndani mna kapasita inayoweza kubaki na volti zipatazo 300 hata baada ya betri kutolewa.

Hatua ya pili: mkanda

Nunua nyeusi na nyeupe. Mkanda wa rangi, kama Kodak ColorPlus 200, ni mzuri, lakini dawa zake hutaka nyuzi joto 38 bila kuyumba, na mafundi wa kuusafisha wamebaki wachache. Mkanda wa nyeusi na nyeupe unasamehe, na ndio pekee utakaousafisha kwa kahawa ukapata picha ya maana. Fomapan wa Jamhuri ya Cheki na Kentmere wa Uingereza ni wa bei nafuu na wa kutegemewa.

Namba ya ISO ndiyo wepesi wa mkanda kupokea mwanga. ISO 100 ni wa juani, 400 ni wa kivulini na jioni. Kwa kamera isiyo na marekebisho, nashauri 200 au 400, kwa sababu mkanda huu huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Mwanga ukizidi, fremu inakuwa nzito lakini ina kitu. Ukipungua, hakuna kahawa wala dawa itakayorudisha kisichokuwapo.

Mikanda iliyopita muda huuzwa rahisi. Kanuni ya wapiga picha ni kuongeza mwanga maradufu kwa kila miaka kumi tangu muda wake uishe. Ila uliza ulikaa wapi. Mkanda uliokaa miaka 15 kwenye duka lenye bati la moto ni tofauti na uliokaa kwenye friji, hata kama tarehe ni moja.

Joto ni adui wa mkanda. Uweke kwenye friji ndani ya kikopo kinachofunga, na uutoe saa moja au mbili kabla ya kuufungua ili usifanye umande. Usiiache kamera kwenye gari. Anayekuletea mikanda kwa ndege aibebe mkononi, kamwe isiingie kwenye mzigo wa chini, na aombe ikaguliwe kwa mkono. Mashine mpya za viwanja vya ndege zinaweza kuuharibu mkanda kwa kupita mara moja.

Ukishajua kwamba utaendelea, shirikianeni wawili watatu mnunue mkanda mrefu wa mita 30.5. Unatoa mikanda kama 18 ya picha 36, mnajijazia wenyewe kwenye vikopo, na bei ya kila mmoja inashuka.

Hatua ya tatu: kuuweka mkanda

Hapa naomba uende polepole.

Mkanda wangu wa kwanza niliupiga siku ya Idi nyumbani kwa bibi. Nilipiga picha 36, za bibi na khanga yake mpya, za watoto na sinia la pilau, za wajomba kwenye mkeka. Ulimi wa mkanda haukushika kwenye kijiti cha kupokelea. Kamera ilihesabu, mimi nilibonyeza, na mkanda ulikuwa umelala palepale ndani ya kikopo chake siku nzima.

Fanya hivi. Kaa kivulini. Ingiza kikopo, vuta ulimi, upachike kwenye ufa wa kile kijiti, hakikisha meno yameingia kwenye matundu ya mkanda, ya juu na ya chini. Vuta mara moja mlango ukiwa wazi uone kwamba unajiviringa. Funga. Sasa zungusha taratibu kishikizo cha kurudishia mkanda mpaka ukaze, kisha piga fremu mbili za bure huku ukikitazama. Kila unapovuta mkanda, kishikizo kile lazima kizunguke chenyewe. Kisipozunguka, fungua, anza upya. Umepoteza fremu tatu, umeokoa 33.

Hatua ya nne: mwanga wetu

Kanuni ya zamani inasema: jua likiwaka, weka tundu la lenzi kwenye f/16, na kasi ya shata iwe moja chini ya namba ya ISO. Mkanda wa ISO 100, basi sekunde 1/100 au 1/125. Kamera ya plastiki ina tundu moja na kasi moja, mfano f/9.5 na 1/100, hivyo juani inapokea mwanga zaidi ya unaohitajika, na kivulini kizito inaupungukiwa. Ukielewa hilo tu, umeielewa kamera yako: nje ni yake, ndani washa flashi.

Jua la saa sita huku kwetu linasimama utosini na kuyageuza macho ya watu kuwa mashimo. Piga kabla ya saa tatu na nusu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni. Ukilazimika kupiga mchana, mtoe mtu juani, umweke kwenye kizingiti cha mlango au barazani, uso ukitazama nje. Ukuta wa chokaa ulio mbele yake utamrudishia mwanga usoni kuliko kifaa chochote cha kununua.

Kuna jambo la ngozi. Kipimo cha kamera kinadhani kila kitu duniani ni kijivu cha wastani. Ukimpiga mtu mweusi mbele ya bahari inayong'aa au ukuta mweupe, kipimo kinaifuata ile nyeupe, na uso unazama. Kama kamera yako ina marekebisho, ongeza mwanga maradufu. Kama haina, mbadilishie mtu mandhari ya nyuma: mlango wa mbao, majani, kanga iliyoanikwa. Tafuta picha za Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, au za N. V. Parekh wa Mombasa, uone nyuso zetu zinavyoweza kutoka kwenye nyeusi na nyeupe zikiwa na kila rangi ya kivuli. Mimi huzitazama kila ninapohisi nimekwama.

Na omba ruhusa. "Shikamoo mama, naomba nikupige picha" inafungua milango mingi, na akikataa, shukuru uondoke. Kambi za jeshi, vituo vya polisi na bandari usivielekezee kamera.

Hatua ya tano: kusafisha kwa kahawa

Mwaka 1995, Scott Williams na wanafunzi wake wa chuo cha teknolojia cha Rochester, Marekani, walionyesha kwamba kahawa ya unga inaweza kusafisha mkanda. Kinachofanya kazi si kafeini. Ni asidi ya kafeiki na jamaa zake, ambazo zikichanganywa na soda hugeuza chembe za fedha zilizopigwa na mwanga kuwa nyeusi. Vitamini C ilikuja kuongezwa baadaye, ikaifanya dawa iwe na nguvu na isipake mkanda rangi ya kahawia. Robusta ina asidi hizo nyingi kuliko arabika, na Africafe inatengenezwa Bukoba, nchi ya robusta. Kopo la kahawa lililoko jikoni kwako ni dawa nzuri ya picha, na kila nikilifungua kwa kazi hii nafurahi upya.

Vya kununua mara moja: tangi la plastiki la kusafishia lenye rili yake (gurudumu la kuviringia mkanda), kipimajoto, mizani ya jikoni ya gramu, jagi la vipimo, mkasi, vibanio vya nguo. Kabla ya kununua tangi, nenda kwenye studio kongwe ya mtaani kwako umsalimie mzee wa pale. Matangi mengi yamelala kwenye makabati tangu kamera za dijitali ziingie, na mafundi hawa wana maarifa ambayo hutayapata kwingine. Nenda kwa heshima, kaa, sikiliza.

Kwa nusu lita, ambayo inatosha mkanda mmoja:

- soda ashi, gramu 27
- vitamini C ya unga mtupu, gramu 8
- kahawa ya unga kama Africafe, gramu 20
- kwa mkanda wa ISO 200 au 400, chumvi yenye madini joto, gramu 5, ili mkanda usipate ukungu wa kijivu

Soda ashi huuzwa na wauza malighafi za sabuni. Sema wazi kwamba hutaki kostiki soda, maana hiyo inaunguza ngozi na macho. Ukiikosa, chukua soda ya kuokea gramu 43, ikaange kavu kwenye sufuria ya chuma cha pua kwa moto mkali kama saa nzima ukikoroga, mpaka uzito ushuke na kubaki gramu 27 hivi. Magadi ya mawe ya kupikia makande usiyatumie, yana vumbi na chumvi nyingine. Vitamini C iwe ya unga. Vidonge vya kumung'unya vina sukari na rangi. Na kahawa iwe ya unga inayoyeyuka, kwa sababu ya kuchemsha huwezi kujua nguvu yake.

Dawa ya pili, ya kuugandisha mkanda ili usiathirike tena na mwanga, ni sodiamu thiosalfeti. Wauza kemikali za maabara za shule wanayo. Yeyusha gramu 100 kwenye maji ya vuguvugu upate nusu lita. Utashangaa jagi linavyopoa, ndiyo tabia yake. Usiitie siki wala limau. Aliyesoma kemia sekondari anaikumbuka ile alama ya X inayopotea chini ya chupa: hiyo ni salfa inayoachiwa na asidi, na hatuitaki kwenye picha.

Kabla ya yote, jizoeze kuuviringa mkanda kwenye rili. Tumia mkanda ulioharibika, kwanza ukitazama, kisha umefumba macho, mara kumi. Siku ya kazi yenyewe, mkanda ukiwa umeshaurudisha ndani ya kikopo chake kwa kile kishikizo kabla ya kufungua kamera, ingia bafuni usiku, zima taa za nyumba nzima, ziba chini ya mlango kwa taulo. Ukikaa dakika tano na bado huoni mkono wako, giza linatosha. Rili na mikono viwe vikavu kabisa. Jasho la Dar hunasa mkanda njiani.

Mkanda ukishakuwa ndani ya tangi lililofungwa, washa taa.

1. Maji ya bomba yanaweza kuwa ya nyuzi 28 au zaidi. Tunataka 20. Weka majagi yote kwenye beseni lenye maji na barafu, na yote, pamoja na maji ya kusuuzia, yawe na joto linalokaribiana. Mkanda ukitoka kwenye baridi kwenda kwenye joto ghafla, ngozi yake inakunjamana.

2. Yeyusha soda kwanza, kisha chumvi kama unaitumia, kisha vitamini C, ambayo inaweza kutoa mapovu, mwisho kahawa. Acha dakika tano. Harufu ni mbaya, fungua dirisha. Itumie ndani ya saa hiyohiyo, haitunziki.

3. Mimina kwenye tangi. Dakika ya kwanza pindua taratibu bila kuacha, kisha pindua mara tatu kila dakika. Gonga tangi mezani kidogo ili mapovu yasikae kwenye mkanda. Jumla dakika 15.

4. Mwaga, suuza kwa maji mara tano au sita mpaka rangi ya kahawa iishe.

5. Mimina thiosalfeti. Muda wake uupime mapema kwa kipande cha ulimi wa mkanda utakachokuwa umekikata kabla ya kuuviringa kwenye rili: kitumbukize, hesabu dakika mpaka kiwe angavu, zidisha mara mbili.

6. Kuosha, kwa siku za mgao wa maji: jaza tangi, pindua mara 5, mwaga, jaza, pindua 10, mwaga, jaza, pindua 20, mwaga. Maji ya mwisho tia tone moja la sabuni ya vyombo.

7. Utundike bafuni kwa kibanio juu na kibanio chini, mlango ukiwa umefungwa, mpaka asubuhi.

Thiosalfeti iliyotumika ina fedha iliyoyeyuka, usiimwage kisimani wala bustanini. Itunze kwenye dumu lenye lebo, mbali na watoto, na utumbukize nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Fedha itaganda juu yake.

Hatua ya sita: kuziona

Skana si lazima. Washa skrini nyeupe ya simu au tableti, weka juu yake kioo safi kilichoinuliwa sentimita tatu ili vitone vya skrini visionekane, laza mkanda juu ya kioo, uuzungushie karatasi nyeusi, upige kwa simu nyingine iliyonyooka sawasawa juu yake. Kwenye mkanda, penye mwanga hutoka peusi na penye giza hutoka angavu; programu yoyote ya kuhariri picha itageuza nyeusi kuwa nyeupe. Kisha kata mkanda fremu sita sita, tia kwenye mifuko ya plastiki yenye tarehe, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu.

Kabla ya kulaumu dawa au kamera, usome mkanda. Pembeni mwa fremu kuna namba na jina la mkanda vilivyochapwa kiwandani kwa mwanga. Zikiwa hafifu, dawa yako ilikuwa dhaifu au ya baridi mno: pima tena soda. Namba zikiwa nyeusi nzuri lakini fremu ni nyepesi, mwanga ulipungua wakati wa kupiga: rudi barazani, au tumia ISO 400. Mkanda wote ukiwa mweusi pamoja na pembeni, mwanga uliingia ama bafuni ama kwenye mlango wa kamera. Na namba zikisomeka vizuri huku katikati hakuna fremu hata moja, dawa ilifanya kazi yake yote. Mkanda haukupita mbele ya lenzi. Ule wa Idi ulirudi hivyo kutoka studio, namba moja hadi 36, safi kabisa. Nilimlaumu fundi kwa miezi kabla ya kujifunza kuzisoma.